Jiwe Lililomwacha Wekulo

Obiero alitunza bustani ya maktaba ya mtaa wa Kawangware 46 kwa miaka thelathini na mitano, na wafanyakazi wenzake hawakujua kamwe kwamba hajui kusoma. Alikuwa na miwani. Saa nne asubuhi, akishafagia majani ya jakaranda, aliingia ndani, akachukua gazeti na kurudi nalo kwenye benchi. Aligeuza kurasa bila haraka, akikawia penye picha. Waliopita walisema, "Mzee anajua habari zote za nchi," wakaenda zao.

Akoth, mke wake, ndiye aliyekuwa akijua. Akoth alifariki mwaka wa korona, akazikwa Ugenya, na mabinti zao walikuwa wameshaolewa mbali. Tangu hapo Obiero aliishi peke yake katika chumba kimoja Kisumu Ndogo. Alikwenda kazini kwa miguu, akarudi kwa miguu, akakaanga omena kidogo na kula akisikiliza redio ya jirani kupitia mabati.

Mwaka jana maktaba ilipata msimamizi mpya, msichana aitwaye Tracy. Tracy alitaka historia ya jengo lile ichongwe kwenye jiwe kando ya mlango. Alipekua faili za kamati ya zamani, akaandika ukurasa mmoja, akamletea Obiero bustanini.

"Mzee, ni wewe tu umebaki kati ya watu waliona hii kitu ikijengwa. Soma polepole. Ukiona makosa, weka alama."

Obiero aliupokea kwa mikono miwili. Alitembea nao siku nne mfukoni mwa koti. Siku ya tatu, alipokuwa akipita Makina, alisimama mbele ya fundi cherehani waliyejuana naye, akatia mkono mfukoni, kisha akabadili nia na kuulizia vifungo. Siku ya nne aliurudisha.

"Iko sawa?" Tracy aliuliza.

"Iko sawa kabisa."

Jiwe likachongwa, likawekwa. Wajukuu wa Mzee Gichuru, aliyetoa shamba, walikuja kupigwa picha mbele yake. Wiki moja baadaye Ndanu, mama anayeuza chai langoni, alisimama pale akisubiri vikombe vyake, akaanza kusoma kwa sauti.

"'Jengo hili lilijengwa mwaka wa 1989 katika shamba la Mzee Gichuru. Kwa neema ya Mungu, kazi ilikamilika bila mtu yeyote kuumia.'" Akamgeukia Obiero. "Kumbe wewe ulikuwa hapa, mzee! Na hakuna hata mmoja aliumia. Mungu ni mwema."

Obiero alikuwa ameshika reki. "Hebu soma hapo tena," alisema. Ndanu akasoma tena.

Mtu alikuwa amekufa. Aliitwa Wekulo, fundi wa mawe, na Obiero alikuwa akimchanganyia simiti. Walikaa chumba kimoja, wakapika kwa zamu. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka kunyesha, Wekulo alipanda kumalizia ukuta wa upande wa bustani. Miti ya jukwaa ikateleza, naye akaanguka juu ya rundo la mawe. Obiero alimkimbilia akiwa bado na karai mkononi. Wekulo akamtazama, akasema, "Hiyo simiti itakauka." Hakusema tena. Alikata roho kabla gari halijapatikana.

Kazi ilisimama siku mbili. Mafundi sita wakamzika katika makaburi ya jiji. Obiero alizunguka wiki mbili akiwatafuta watu wa kwao, lakini alichojua ni kwamba marehemu alitoka upande wa Webuye. Hakuna aliyejitokeza. Gichuru hakutaka shamba lake lisemwe kwamba limemwagikiwa damu, na kamati ikaandika ilivyotaka. Jengo lilipokwisha, Obiero akapewa kazi ya bustani. Akanyamaza.

Siku ile hakumaliza kukusanya majani. Aliingia ofisini kwa Tracy na kusimama.

"Madam, mimi sijui kusoma."

Tracy alicheka, akidhani ni mzaha. Alipomwona uso, akaacha, akamvutia kiti. Obiero akamweleza yote.

"Si ungeniambia tu, mzee? Ningekusomea."

"Ningekwambia mwaka gani? Mwaka wa kwanza ndio ulikuwa wa kusema. Baadaye kukawa kumechelewa."

Jiwe halikuweza kufutwa, na wakubwa wa Tracy walimwambia angoje. Hakungoja. Aliwasha kompyuta.

"Jina la baba yake?"

"Sijui."

"Alikuwa na bibi?"

"Alikuwa anamtajataja mtu anaitwa Immaculate. Sijui kama ni bibi ama ni dada."

"Miaka yake?"

"Alinizidi kidogo."

Tracy aliandika, kisha akamsomea. Ilikuwa sentensi saba. Obiero alingoja zaidi, lakini Tracy alikuwa amefika mwisho.

"Ni hayo tu, mzee?"

Obiero alivua miwani. "Alipenda ugali ulioshika chini ya sufuria."

"Niandike?"

"Andika."

Karatasi ile ilitiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa chini ya jiwe. Tracy alijitolea kumfundisha kusoma saa za chakula cha mchana, na Obiero akasema atafikiria. Bado hajampa jibu. Siku hizi hufagia zaidi karibu na mlango. Watu hufika, wengine husimama dakika moja au mbili kabla ya kuingia. Husoma kimya, midomo imefungwa, na kutoka pale alipo hawezi kujua kama wamesoma jiwe au karatasi.