Mwalimu Chelangat na Simu ya Mti

Wenzangu, akili yangu imekataa. Tangu jana naandika "Chelangat amefariki", naangalia hayo maneno, nafuta.

Aki huyu si mtu wa kuandikiwa RIP. Juma lililopita tu alikuwa kwangu hapa Mogogosiek, anamaliza ugali wangu huku akinitukana. "Nyinyi Wakisii mnachemsha mboga mpaka inaomba msamaha!"

Kwa wasiomjua: Chelangat alikuwa mwalimu wa PP2, wale watoto wa miaka mitano, sita, kwenye shule ndogo katikati ya majani chai. Mimi niko packing, kiwandani. Siku tuliyofanyiwa training ya first aid kazini, alikuja kunisubiri kwa gate. Hata salamu hakunipa.

"Kwamboka, wamewafunza nini? Niambie yote, usiruke kitu."

Nikamuuliza ya nini. Akasema presha yake inapanda, kichwa kinamgonga kila jioni, na mchana kutwa yuko na watoto tu. "Nikianguka huko, nani atanisaidia? Ni hao."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi akaanza. Kila Ijumaa anajiangusha mbele ya darasa, pu! Watoto wanakuja. Wanamwita jina, wanaangalia kama anapumua, wanamsukuma wote pamoja mpaka alale kwa ubavu, wanalegeza kola, wanamfunika na sweta. Mmoja anajifanya anapiga simu. Kisha Chelangat anaruka juu, "Vizuri sana!", na makofi darasa zima.

Watu walianza kunung'unika mapema. Mama mmoja alinishika mkono sokoni. "Ambia rafiki yako awache hiyo mchezo. Kifo haifanyiwi mazoezi. Ukiita, inakuja."

Halafu siku moja mtoto akashika simu yenyewe ya Chelangat, akafinya namba ya kwanza, akapiga kelele: "Teacher ameanguka! Teacher haamki!" Kumbe amempata Kogo, mama mkwe wa Chelangat, huko Bomet mjini. Kogo alifika na majirani, wanalia, mmoja amebeba blanketi. Wakamkuta Chelangat ubaoni, anafundisha kuhesabu.

Tulicheka hadi machozi. Kogo peke yake alikaa kwenye kiti cha mtoto akitingisha kichwa.

"Hii matanga imekuja ikakosa mtu," alisema. "Sasa inajua njia."

Wazazi nao wakaitisha mkutano, wakasema simu itoke darasani. Chelangat hakutaka vita na mtu. Akaomba fundi kipande cha mti, akachora namba kwa kalamu, ikawa ndiyo simu ya watoto. Yake ya kweli akaitia kwenye mkoba, akauangika kwa msumari, juu, pahali mtoto hafiki.

Juzi mchana ikanyesha mvua ya mawe. Mnajua mvua yetu ikishika mabati, hata ukipiga nduru mtu wa chumba cha pili hasikii. Na chumba cha pili hakukuwa na mtu. Mwalimu mwenzake alikuwa ameenda ofisi za kaunti.

Mzazi wa kwanza alifika mvua ilipotulia. Aliniambia kilichomtisha ni kimya. Watoto wa PP2, na kimya!

Walikuwa wameketi wakimzunguka Chelangat. Amelala kwa ubavu, kola imelegezwa, amefunikwa sweta zote za darasa, na wao wenyewe wanatetemeka kwa baridi. Kasichana kamoja, jina lake silitaji hapa, kalikuwa kameshika kile kipande cha mti sikioni.

"Shhh," kakamwambia huyo mzazi. "Nimeshapiga. Wanakuja."

Walikuwa wanamngoja aamke aseme vizuri sana.

Daktari anasema ni mshipa wa kichwa uliopasuka. Kama angefikishwa hospitalini mapema ingekuwaje, hajui. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Lakini midomo ya watu hainyamazi. Jana pale matangani, mama mmoja alisema mbele ya yule mtoto, "Si ndio huyu alipigia mti?" Tangu hapo mtoto akanyamaza. Chakula hataki. Anakaa amebana mikono katikati ya magoti. Niliogopa, jamani. Chelangat ameshaenda, na huyu naye tulikuwa tunampoteza tukimwangalia.

Leo asubuhi Kogo akasema aletewe huyo mtoto.

Yale maneno yake ya siku ile hakuna aliyekuwa ameyasahau. Nilisogea karibu, nikiwa tayari kumnyakua yule mtoto na kutoka naye mbio.

Kogo akamwinamia. "Ulisema nini kwa simu?"

Mtoto akasema kwa sauti ndogo: "Nilisema Teacher ameanguka. Kujeni haraka."

"Nilisikia," Kogo akamwambia. "Ulisema vizuri, mjukuu wangu. Ni mimi nilichelewa."

Hapo ndipo mtoto alipolia. Alilia kwa nguvu, kwenye mapaja ya Kogo, na sisi wote tukalia naye.

Wazazi wa PP2, Ijumaa niko off. Nitaingia kwa hilo darasa nijiangushe kama yeye, na simu ya kweli, iliyo na chaji, itakaa pahali mkono wa mtoto unafika. Anayeona nacheza na kifo anipate huko huko. Siwadanganyi, naogopa. Hata sasa wingu limeshuka juu ya majani chai. Lakini nitaingia.

Chelangat, dada yangu wa kutukanana. Walikuita jina. Walikugeuza. Walivua sweta zao wakakufunika na baridi yote hiyo. Watoto wako hawakukosea kitu hata kimoja, mwalimu. Ni sisi wakubwa tuliowanyang'anya simu.

Pumzika, rafiki yangu. Pumzika kabisa.