Dago la Mbwemkuru

Juzi nilipita Mchinga nikakuta wanawake wanaanika ng'onda, samaki waliopasuliwa wakatiwa chumvi. Ile harufu ikanifikia njiani. Hasira zikanipanda palepale. Kaa nikwambie, maana wewe si mtu wa kuninyamazisha.

Nilikuwa mdogo, wakati Mwingereza anapigana na Hitla. Masika yalitudanganya mwaka ule, ghalani hamna kitu. Bibi alitupikia ming'oko, ile mizizi ya porini, asubuhi ming'oko, jioni ming'oko. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyeleta shauri: kipupwe kikiisha, tuazime mtumbwi wa jirani twende dago. Dago ni kambi ya wavuvi. Unalala hukohuko mpaka upate samaki wa kutosha. Tungetengeneza ng'onda, tukazibadilishe na mahindi kule bara, Mtama.

Tulipanga nyuma ya jiko, kwa kunong'ona. Alichora kwa kijiti kwenye majivu: huu mdomo wa mto Mbwemkuru, hiki kijito cha kushoto, ndani kabisa ya mikoko, hakai mtu ila mamba. Yeye mshipi, mimi kumwaga maji mtumbwini na kutia samaki chumvi. Bibi akatwanga unga wa muhogo, hakuuliza wa nini. Ndiyo desturi yetu: anayekwenda dago haulizwi aendako, na anayebaki hapataji. Ukipataja umemfungia njia ya kurudi.

Siku ya kuondoka homa ikaniangusha. Kaka akanigusa paji la uso, akasema, "Lala, bwana mdogo. Kichwa cha chewa wa kwanza ni chako." Akaenda peke yake.

Unga aliochukua ulikuwa wa siku chache. Zikapita, zikazidi. Nikamwambia bibi mimi napajua alipo. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Wazee wakasema subira. Mimi subira sikuzaliwa nayo. Ijumaa watu wanatoka kusali, nikasimama mlangoni pa msikiti nikapataja kwa sauti: Mbwemkuru, kijito cha kushoto. Mzee mmoja akanizaba kofi. Jirani yetu, yule mwenye mtumbwi, alishika njia ya pwani. Akaazima mtumbwi mwingine akaenda.

Alimkuta kaka kwenye kibanda cha makuti, ameshakufa. Mguu umevimba mpaka pajani, mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye sumu mkiani, umo ndani. Ng'onda kazipanga vizuri juu ya uchaga. Jirani alitueleza barazani, kwa sauti ndogo: "Majivu yalikuwa bado yana moto."

Umeelewa? Alikuwa hai mpaka jana yake tu. Alikuwa anatungoja.

Lakini msibani macho yote kwangu. Bibi, niliyempenda kuliko roho yangu, akasema, "Ungenyamaza angerudi."

Nikamjibu, "Bibi, tulinyamaza sana."

Wageni wakalishwa zile ng'onda, kwa kuwa chakula kingine hakikuwepo. Mimi sikula.

Sasa bibi hayupo, jirani hayupo. Mikoko ya kile kijito imekatwa boriti, hata pale pa kibanda huwezi kupajua. Desturi ndiyo imebaki. Nikimwona mtu anasukuma mtumbwi, namuuliza waziwazi anakwenda wapi. Wengine wananitukana, wengine wanasema nimewatia mkosi, wanabeba mishipi yao wanarudi nyumbani.

Na warudi. Wanichukie, lakini warudi.