Glopu ya Wati Sitini

Juzi nilikuwa Bariadi kwa harusi ya mpwa wangu, nikaingia duka la vifaa vya umeme kutafuta soketi. Kwenye rafu ya nyuma niliona glopu moja ya zamani, ile yenye uzi mwembamba ndani ya kioo. Nikaomba niishike. Muuzaji akacheka. "Hiyo haina mteja, dada. Inakula umeme tu na kutoa joto." Nikamwambia habari za hilo joto nazijua. Yeye sikumweleza zaidi, ila wewe nakueleza.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili, naishi kwa bibi mzaa mama, pembeni mwa mji. Msimu wa pamba, malori yakishapita kwenda kiwandani, nyuzi nyeupe zilibaki zimenasa kwenye ua wetu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga za kutwanga, tamu mpaka unachelewa shule. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshafagia uwanja na kuwafungulia kuku.

Halafu ugonjwa wa kideri ukapita. Ndani ya wiki moja uwanja ulinyamaza. Bibi alibakiwa na mitetea watatu na jogoo mmoja. Kuku wale walikuwa uzao wa kuku aliokuja nao kutoka Malampaka alipoolewa, na aliweza kukutajia nani kazaliwa na nani kama watu wanavyotaja ukoo. Mitetea walitaga, lakini hakuna aliyekubali kuatamia. Bibi akakusanya mayai kumi na nane. Jirani yetu seremala akamchongea sanduku, tukaziba nyufa kwa pamba, tukaweka bakuli la maji, na katikati tukaning'iniza glopu ya wati sitini.

Kipimajoto hatukuwa nacho. Bibi alichukua yai, akafumba jicho, akaligusisha kwenye kope na kutulia kidogo. Kisha alisema liko sawa, au alisogeza kifuniko upana wa kidole.

Shuleni, mwalimu wa fizikia ndiyo kwanza alikuwa ametufundisha umeme. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani. Nilizipenda hesabu hizo kupita kiasi. Pasi ya jirani, redio ya bibi, kila kitu nilikikokotolea mgongoni mwa daftari. Elimu ni bahari, wanasema, nami nilikuwa nimelowesha vidole nikadhani nimevuka.

Siku ya tisa ya mayai nikapata wazo. Sebuleni tulikuwa na glopu mpya ya wati saba, inang'aa kuliko ile ya sandukuni. Kwa nini bibi ahangaike na uniti za umeme? Nikazibadilisha, ya sebuleni ikaenda sandukuni.

Jioni bibi akaweka yai kwenye kope. "Limepoa," akasema.

"Bibi, ona inavyong'aa. Hii ni nzuri kuliko ile."

Akaitazama glopu, kisha akanitazama mimi. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akafunga kifuniko. Hakuwa ananikejeli, na hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Siku ya tatu baada ya kubadilisha nilishika yai mwenyewe, nikaogopa. Nikamfuata mwalimu, naye akaja na mita yake. Akaiunganisha kwenye waya wa glopu ya zamani: ampea sifuri nukta mbili sita. "Zidisha kwa mia mbili thelathini." Nikapata karibu sitini. "Sasa gawanya." Ohmu mia nane themanini na kitu. Akanieleza kwamba uzi ule unaukinza umeme, ndiyo maana unapata moto, na kwamba karibu wati zote zile zilikuwa joto. Ile mpya ikasoma sifuri nukta sifuri tatu. Wati saba.

"Mayai hayasomi," mwalimu akasema taratibu. "Hayahitaji mwanga." Kisha akaangalia daftari langu na kusema hesabu yangu iko sahihi.

Tulirudisha glopu ya zamani. Siku ya ishirini na moja ikafika, bibi akaongeza tatu nyingine, akigeuza mayai asubuhi, mchana na jioni. Hakuna yai lililogongwa kutoka ndani. Siku ya mwisho aliyafukia nyuma ya nyumba, na jirani seremala akaja kuuliza sanduku lake limekosea wapi.

"Sanduku zuri, wabeja sana," bibi akamshukuru. "Umeme ulikatika."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi. Nikaenda kuchota maji. Wengine walipouliza aliwajibu hivyohivyo, na baada ya hapo aliendelea kuniamini kila nilipomletea jambo la shuleni, kana kwamba sijawahi kukosea. Bibi hakurudia kuweka mayai sandukuni, na mitetea wale watatu walizeeka bila kuacha uzao. Siku hizi kwenye uwanja ule wanafugwa kuku wa kisasa, wanaletwa kwa maboksi, na hakuna anayejua mama zao. Sijamwona tena mtu anayepima joto kwa kope.

Kumwomba bibi radhi nilikuwa nikisubiri nikue, nipate maneno yanayofaa. Nikakua, nikayapata, naye akawa ameshazikwa. Jirani seremala mpaka leo anaamini maneno ya bibi. Umeme haukukatika, bibi. Ilikuwa ni mimi.