Tulipoihama Hospitali ya Wazazi

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ambayo lau ningeweza ningeifuta. Nilikuwa mkunga mchanga, kama wewe leo, katika hospitali ya wazazi hapa Malindi, ile yenye madirisha ya kijani, ambayo wiki jana tuliiaga. Kazi nilikuwa nimeianza juzi tu, lakini kiburi changu kilikuwa cha mtu aliyezalisha mji mzima.

Asubuhi ile aliletwa msichana wa Kigiriama kutoka Jilore, jina lake Kadzo, uchungu umemshika tangu jana yake. Mavyaa yake, mama mwembamba aliyejitanda leso, akanivuta kando.

"Mwanangu, huyu amechoka. Hamna pa kumpeleka akapasuliwe?"

Chumba cha upasuaji kilikuwa hospitali kuu, upande wa pili wa mji, na gari tulikuwa nalo moja. Mimi nikaona nimetukanwa.

"Mama, hapa wamezaliwa watu wote unaowaona mjini. Tulia."

Akatulia. Enzi zile watu wa mashamba hawakubishana na vazi jeupe.

Adhuhuri ikapita. Kadzo akaacha kupiga kelele, nami, Mungu anisamehe, nikadhani amepata nafuu. Bi Zuhura, mkuu wetu, alikuwa mazikoni. Aliporudi alimgusa Kadzo tumbo mara moja tu, akaagiza gari. Gari lilikuwa limeshachukua mgonjwa mwingine. Tulingoja mpaka alasiri. Kadzo alipelekwa, akapasuliwa, akapona, alhamdulillahi. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Kesho yake Bi Zuhura aliniita. Hakupaza sauti, laiti angepaza.

"Mkunga Salama, yule mama alikuomba nini?"

Nikamwambia.

"Na ulipomkatalia, ulikuwa ukimtetea nani? Kadzo, au nyumba hii?"

Nikaanza kusingizia gari, akanikatiza.

"Nenda kamwombe radhi yule mama. Usimpelekee udhuru."

Nilimkuta hospitali kuu, amekaa mkekani nje ya wadi ya mkaza mwanawe. Nilisema nilichosema, nikilia. Akanimegea mhogo wake wa kuchemsha.

"Kula, mwanangu. Wewe nawe hujala tangu jana."

Majuto ni mjukuu, lakini wangu huyu amenizeekea nyumbani.

Basi wiki jana mliponialika tuiage nyumba ile, nilipita chumba kwa chumba. Vitanda vimetolewa, kuta zina alama pale vilipoegemea. Nikatamani walau mara moja tena nisikie vigelegele vya kina nyanya kibarazani, ninuse udi na uji wa pilipili manga waliowaletea wazazi, nimwone Bi Zuhura akifunga kilemba kabla ya kuingia leba kuzalisha. Wenzangu wa zamu wengi wako chini ya mchanga. Nikaegemea ukuta, machozi yakanitoka, nawe ukaniuliza, "Bibi, ungependa tusihame?"

Nakujibu leo.

Wapo wanaosema mwacha asili ni mtumwa. Mwanangu, asili ya mkunga si ukuta. Huko mwendako chumba cha upasuaji ki hatua chache kutoka leba, damu ipo, daktari wa watoto yupo, vyote katika ua mmoja. Lau Kadzo angezalia huko, mwanawe leo angekuwa na mvi. Hameni, tena kwa furaha. Mimi niachieni kulia, kulia si kukataa.

Ila usisahau: siku ile, kabla gari halijachelewa, nilikuwa nimeshachelewa mimi. Hata chumba cha upasuaji kikiwa mlango wa pili, mkunga asiyesikia atakifanya kiwe mbali kama Jilore. Akija mama kutoka mashamba ya Ganze na vumbi miguuni akakwambia, "Huyu amechoka," mwamini kwanza. Kuuliza si ujinga, na kuomba msaada mapema hakumpunguzii mkunga heshima. Ukikosea, nenda mwenyewe ukaombe radhi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe sikio jepesi na moyo usioona haya kuomba msaada. Na kila utakayempokea huko, alie.