Kobe wa Alhamisi

Salbiah alipoachishwa kazi ya ushonaji, alipata nafasi katika kituo cha kulelea watoto cha Bi Norlaila, nyuma ya soko la mji wa Taiping, Malaysia. Watoto walifika wakitoka shule, mashati yakiwa nje na viatu vimejaa maji ya mvua, wakala wali, wakafanya kazi za nyumbani, wakasubiri wazazi. Alhamisi ilikuwa siku ya kazi za mikono, na hiyo alikabidhiwa Salbiah, kwa kuwa aliwahi kushika mkasi.

Alhamisi ya kwanza walitengeneza samaki wa sahani za karatasi. Bi Norlaila alikuja na simu yake kuwapiga picha za kutuma kwenye kundi la wazazi la mtandaoni. Akasimama.

"Dada Salbiah, hawa ni samaki?"

"Ndiyo, Bi. Wana miaka sita."

"Nani, samaki?"

"Watoto, Bi."

"Wazazi hawataki kujua umri, dada yangu. Wanataka kuona samaki. Rekebisha kidogo."

Salbiah akarekebisha kidogo. Wiki iliyofuata akarekebisha zaidi. Mkono uliozoea kushona nguo za mabibi harusi hauwezi kuachia bawa la kipepeo likae upande. Kufika mwezi wa tatu, watoto walikuwa wamebakiwa na kubandika macho, na hata macho yakaonekana yanakaa vizuri akiyabandika yeye. Wao wakaachiwa jukumu zito la kushika kazi mbele ya simu na kutabasamu.

Sifa zikamiminika. Mama yake Hakimi, Bi Farhana, alipoona tausi wa mwanawe, aliwatangazia wazazi wote kwamba mtoto amerithi kipaji cha ukoo. Mumewe akaanza kuulizia masomo ya usanifu majengo. Hakimi alikuwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, lakini ukoo ulikuwa na subira.

Bi Norlaila naye akalewa sifa. Akawaalika wazazi waje waone kwa macho yao watoto wakitengeneza kobe kwa trei za mayai.

"Bi, labda mimi nikate kabla," Salbiah alisema. "Wao wabandike tu."

"Ya nini, na wenyewe mafundi?"

Salbiah alirudi kupanga trei. Angemwambia nini? Kwamba fundi ni yeye, kwa amri ya huyo huyo anayeuliza?

Siku ikafika. Wazazi walijipanga ukutani, wakila ndizi za kukaanga. Watoto walikaa mezani, mikono mapajani, wametulia kama wageni wanaongoja chai. Mikasi ililala. Wote walikuwa wanamtazama Salbiah.

"Haya, Hakimi," mama yake akamhimiza. "Fanya kama ulivyomfanya tausi."

"Tausi alimfanya shangazi Salbiah," Hakimi akasema. "Mimi nilimshika."

"Mwanangu, usiseme uongo."

"Kweli. Na Wei Jun alishika. Lakini Thanusha ndiye anajua kushika kuliko wote."

Thanusha akainamisha kichwa, kwa adabu ya mtu anayesifiwa hadharani.

Bi Norlaila alicheka, akasema watoto wa siku hizi wana mzaha. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Salbiah alihisi masikio yanawaka, ila pia kifua kimekuwa chepesi.

"Mtoto hajakosea," akasema. "Nilikuwa nafanya mimi. Leo fanyeni nyinyi, wanangu. Mimi nitashika."

Watoto wakavamia mikasi. Gundi ikaingia kwenye nywele. Kobe wa Wei Jun akapata miguu sita, na alipoulizwa akajibu kwamba huyu ana haraka. Wazazi walivumilia kwa muda wa kumaliza ndizi moja. Kisha Bi Farhana akasogea. "Lete nikuonyeshe tu, baba." Akachukua mkasi, wala hakuurudisha. Baba yake Wei Jun akaja kung'oa miguu miwili. Haikuchukua muda meza yote ikawa na watu wazima, mashati ya ofisini yamekunjwa mikono, wakigombea rangi ya kijani, na watoto wamehamia ukutani kwenye ndizi.

Thanusha peke yake alibaki mezani, kwa sababu baba yake alichelewa. Salbiah alimshikia trei. Hakusema kata hapa, hakusema polepole, ingawa vidole vilimwasha. Kobe akatoka na kichwa kikubwa kuliko gamba.

"Huyu ni mzuri, shangazi?"

"Wewe unamwonaje?"

"Amenuna," Thanusha akasema, akaridhika.

Kundi la wazazi lilijaa picha za kobe maridadi, na pongezi kwa watoto wetu wenye vipaji. Bi Norlaila hakumfukuza Salbiah. Alhamisi zilizofuata alipiga picha za nyuso za watoto tu, kwa karibu sana. Bi Farhana alimhamishia Hakimi kwenye masomo ya roboti, ambako wanasema anafanya vizuri mno.

Salbiah bado yupo. Watoto wakikata, yeye hukalia mikono yake.