Kimya cha Kumpitisha Cosmas

Poldine hakuwahi kumiliki mbwa hata mmoja, ila katika kijiji chetu cha kando ya mto Yukon, kaskazini kabisa kwenye barafu, hakuna mbwa wa mbio ambaye hakula mkononi mwake. Alianza akiwa msichana, akiwapasulia samaki aina ya samoni mbwa wa baba yake. Akaja kuwalisha wa kaka zake, na kaka zake walipokwisha, mmoja kwa mto na wengine kwa chupa, akabaki na mbwa wa Cosmas, mtoto wa kaka yake wa mwisho. Watu walimtania kwamba hakuolewa kwa sababu ya harufu ya samaki. Yeye alijibu kwamba wanaume aliowaona walitaka kulishwa kuliko mbwa, na hawakuvuta chochote.

Kisha samoni wakaacha kuja. Mwaka wa kwanza tulisema wamechelewa. Wa pili serikali ikapiga marufuku nyavu, vibanda vya kukaushia samaki vikabaki na buibui. Mbwa wa kuvuta sleji, lile gari la kuteleza thelujini, anakula kuliko mtu mzima, na chakula cha magunia kinacholetwa kwa ndege si cha watu kama sisi. Ua baada ya ua, mbwa wakatolewa. Wengine walipewa wageni, wengine walipigwa risasi na wenyewe, kwa machozi, sitaficha. Zamani jioni mbwa wa kijiji kizima walilia pamoja hata usisikilizane na mwenzako chumbani. Sasa walilia wa Cosmas peke yao, na Poldine ndiye aliyewahangaikia, mara samaki wa chini ya barafu, mara nyama iliyonaswa mtegoni, akiwachemshia pipa zima huku mikono imepasuka kwa baridi.

Ndiyo maana mbio ndefu za mwaka ule zilikuwa kufa au kupona. Kampuni moja ya chakula cha mbwa ilimwambia Cosmas afike mwisho, hata akiwa wa mkia, nao wangewalisha mbwa wake mwaka mzima. Asipofika, kulikuwa na bwana mmoja karibu na mji aliyekuwa tayari kuwachukua wote. Njia ya tatu haikuwepo.

Tatizo ni kwamba mbio zenyewe zinapita hapa kwetu, katikati kabisa ya safari. Na kila aliyefuga mbwa anajua kwamba mbwa akifika kwao huona kazi imekwisha.

"Shangazi, siku nikipita hapa usitoke nje," Cosmas alimwambia kabla ya kuondoka.

"Nisikuone? Mimi ninayewalisha?"

"Ndiyo maana yake. Velma akikusikia tu, kalala. Na mbwa kiongozi akilala, wamelala wote."

"Basi nitafunga mdomo."

"Shangazi, tangu nizaliwe sijaona ukifunga huo mdomo."

Poldine akacheka, kisha akamwahidi.

Kijiji nacho kikakaa kikao ukumbini. Sisi ni watu wa kushangilia. Mgeni yeyote anayeingia hapa na mbwa wake, ndevu zimeganda barafu, tunampokea kwa kelele na bakuli la mchuzi wa nyama pori, hata kama hatujui kwao ni wapi. Ikaamuliwa wageni washangiliwe mpaka makoo yakauke, ila Cosmas apite kimya, asisimame kupumzika, akalale mbele huko, juu ya mto ulioganda.

"Yaani nimshangilie Mnorwei nisiyejua hata jina lake," alisema Altona, jirani yake Poldine, "halafu mtoto wetu nimkodolee macho kama mwizi?"

Watu wakacheka, wakakubali. Vibanda vya mbwa uani kwa Cosmas vikafukiwa theluji visionekane. Poldine akasema yeye hatawasha jiko siku hiyo, Velma asije akanusa chungu.

Siku ilipofika alikaa kitandani na makoti yake yote, nyumba baridi kama nje, akisikiliza tunavyowashangilia wageni. Mchana ulipoanza kuinama kelele zikakatika ghafla. Akajua ni Cosmas. Baadaye alituambia kwamba hajawahi kusikia kitu kilichomuuma kama kimya kile. Akasikia sleji ikiteleza juu ya theluji, na Cosmas akisema taratibu, "Twende, twende." Alijikaza kisabuni, ncha ya skafu mdomoni, mpaka sauti ikapita mlango wake na kuteremka mtoni.

Akakwangua barafu dirishani akachungulia. Walikuwa wamekwisha kuwa wadogo kwenye ule weupe, kamba imenyooka, Velma mbele, na Cosmas hakugeuka nyuma. Roho ya Poldine ikajaa.

Hapo ukingoni kuna mtu alipiga ukelele. Nani, mpaka leo hakuna aliyekubali. Koo moja, kisha yote, maana tulidhani ameshatoka, na tulikuwa tumembania kwa muda mrefu mno. Poldine aliposikia vile naye akafungua mlango, akaita kwa nguvu zake zote, "Nenda, Velma! Nenda, mama!"

Juu ya barafu sauti inafika mbali. Masikio ya Velma yakageuka kwanza. Akapunguza mwendo, akakata kona, na timu nzima ikakunjika nyuma yake. Sleji ikapinduka, Cosmas akaburutwa akiwa ameng'ang'ania. Walirudi kwa mbio walizokuwa hawajakimbia tangu siku ya kwanza, wakapita katikati yetu, nasi tayari tumenyamaza, mpaka mlangoni kwa Poldine. Pale wakajikunja, pua chini ya mkia, wakalala.

"Usiwaguse, mama," msimamizi wa mbio alimwambia. Alikuwa mtu mpole. "Ukiwagusa au ukiwatangulia, huo ni msaada. Itabidi nimtoe Cosmas mbioni."

"Na nikitembea tu kwenda mtoni? Si natembea kwetu?"

"Mama, nakuelewa. Tafadhali, usinifikishe huko."

Wakamhamishia Poldine kwa Altona, asionekane. Cosmas akabadilisha mbwa wa mbele, hawakuinuka. Akambeba Velma kama mtoto mpaka mtoni, akamweka chini, Velma akarudi zake polepole. Alibembeleza, hakufoka hata mara moja. Timu nyingine zikafika, zikala, zikaondoka, na hatukuwa na hamu ya kumshangilia mtu. Kulipokucha alimwambia msimamizi kwamba anaacha, kisha akaja kwa Altona.

"Ni mimi," Poldine alisema. "Niliita jina lake."

"Waliita watu wote, Shangazi."

"Lakini hakwenda kwa watu wote."

Cosmas akaketi. Akaomba chai.

Yule bwana wa karibu na mji alituma ndege ya kuwachukua mbwa wiki iliyofuata. Asubuhi hiyo Cosmas aliwafunga mbwa mikanda ili wavute sleji yao mpaka uwanja wa ndege, wakakataa kuinuka. Timu ikishajifunza kwamba inaweza kulala, imejifunza. Alijaribu mpaka rubani akaanza kutazama mawingu. Poldine alikuwa dirishani na kisu cha kukatia samaki mkononi, akiomba asiitwe.

"Shangazi," Cosmas alisema mlangoni, bila kumtazama, "naomba utangulie."

Akavaa koti. Alitoka mikono mitupu, akapita mbele yao akashika njia ya uwanjani, na Velma akainuka. Wakainuka wote. Kamba ikakaza, mikia ikawa juu, wakavuta vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi, nyuma ya mwanamke mzee anayetembea taratibu. Tulisimama milangoni tukiangalia. 

Cosmas aliwapakia wengine. Velma akakataa mkono wake, ikabidi Poldine ndiye amnyanyue. Alipowekwa ndani ya ndege, Velma alijizungusha mara moja kati ya wenzake, akasogea pembeni, akamwachia Poldine nafasi ya kukaa. Akawa anamtazama, anamngoja apande. Rubani akafunga mlango.