Nyeusi ni Maji

Nilisikia moyo kabla sijaona kitu chochote. Sauti yake ilipita chini ya mlango uliofungwa, haraka haraka, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ya tatu kutoka kwetu na hataki kupumzika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nimepakata chupa tupu ya maji na viatu vya dada yangu mkubwa. Nikafumba macho ili nisikie vizuri. Ndiye huyo, nikajiambia. Miaka minne tumemngoja, na sasa anabisha hodi.

Dada huyo nilimwita yaya, kama tunavyowaita Lubumbashi wote waliotutangulia kuzaliwa. Mume wake alikuwa kazini Kasumbalesa, kwenye forodha, na alirudi mwisho wa mwezi tu, akipanda lori lolote lililokubali kumbeba. Tumbo la yaya lilipoanza kuinuka alikuja kukaa kwetu, Bel-Air, pamoja na cherehani yake. Alikuwa ameshashona vinguo saba vya mtoto.

Tangu asubuhi wanawake wa benchi lile walikuwa wanakunywa maji. Muuguzi alipita mara kwa mara kuwakagua, akiwaita raia kwa Kifaransa.

“Citoyennes, mwenye kukojoa atarudi nyuma ya mustari. Mashini haioni kitu kama kibofu iko mutupu.”

“Na kama mashini inachelewa, mama?” aliuliza mwanamke mmoja mnene.

“Utakunywa tena.”

“Basi mutuwekee bomba moja kwa moja, sisi tuko mapipa.”

“Nyamaza, wewe,” jirani yake akamwambia, akibana mapaja. “Ukinichekesha nitamwaga yote hapa.”

Mlango ulipofunguka alitoka mwanamke nisiyemjua, ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso wake ukiwaka. Nyuma yake alikuja mkunga na chombo kidogo chenye kipaza sauti. Yaya alitoka baada ya muda mrefu, na bahasha mkononi.

“Ulisikia?” nilimwuliza.

“Nilisikia. Ilikuwa ya yule wa kitanda cha pili. Leta viatu.”

Katika jibu lile nilichukua neno moja tu, nilisikia, mengine nikayaacha palepale benchini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua sana kuchagua maneno.

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, ya kumpelekea daktari aliyeagiza kipimo. Nyumbani baba aliifungua kwa kisu cha mezani kabla yaya hajakaa.

Kwa baba, picha za hospitali hazikuwa siri ya madaktari. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi, kwenye shaba, tangu ujana wake hadi pensheni, na kila mwaka walimpiga picha ya mapafu. Alizitunza zote katika sanduku la bati chini ya kitanda. Siku nyingine alizitoa, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akatufundisha kuzisoma: nyeusi ni hewa, nyeupe ni vumbi la mgodi. Wenzake waliokutwa na nyeupe nyingi tuliwajua kwa kikohozi chao, halafu kwa matanga yao. Yeye mapafu yake yalikuwa meusi, na aliyasifu kama mtu mwingine anavyosifu shamba lake.

Basi aliipeleka dirishani picha ya tumbo la yaya. Ilikuwa karatasi tu, ukubwa wa kiganja, mwanga haukuipenya. Lakini katikati palikuwa na duara kubwa jeusi, jeusi kama kitako cha sufuria, na ukingo mwembamba mweupe.

“Angalia,” baba alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. “Nyeusi yote. Vumbi hakuna hata kidogo. Mutoto iko mu nyumba safi.”

“Na karatasi inasema nini?” yaya aliuliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa na Kifaransa nyumbani, mwaka wa mwisho wa sekondari, na chini ya godoro nilificha daftari la hadithi nilizozitunga.

“Soma tu,” baba alisema. “Lakini karatasi inaandikwa na muntu. Picha haiandikwi na muntu.”

Nilisoma kimoyomoyo, mara mbili. Kizazi kina ukubwa wa kawaida, ni kitupu. Upande wa kushoto, kwenye kifuko cha mayai, kuna uvimbe uliojaa maji, sentimita kumi na nne. Upasuaji ufikiriwe bila kuchelewa. Neno la Kifaransa la kusema tupu nilikuwa nimelitumia kwa chupa, kwa madarasa, kwa barabara za Jumapili. Sikujua kwamba linaweza kusemwa juu ya yaya.

“Inasema arudi kwa munganga wa hospitali Jumatatu,” nikasema.

“Jumatatu ya nini? Muzima anafuata nini ku lopitalo? Pale bantu bakikosa kazi, banashika kisu.” Alicheka peke yake. Akaiweka picha ndani ya sanduku, katikati ya mapafu yake. “Haendi.”

Hivyo neno langu la woga, nililodhani ni la huruma, ndilo lililomfungia yaya njia. Jumamosi nzima baba alipita kwa majirani akiwaambia juu ya ule weusi. Yaya alishika ubavu wake wa kushoto kila alipoinama, na mimi nilihesabu mara alizoinama.

Jumapili baada ya misa nilimkuta anapiga pasi vile vinguo. Makaa yalikuwa yanalia ndani ya pasi.

“Yaya, kuna mistari niliiacha.”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Yule munganga alikuwa anapitisha chuma yake mu tumbo yangu na kuzungumza mambo ya mupira na muuguzi. Halafu akanyamaza. Muntu mwenye kuona mutoto hanyamazi vile.” Aligeuza kinguo. “Upande wa pili wa pazia ule moyo ulikuwa unakimbia. Nikasema, labda ni wangu, umepotea njia kidogo tu. Utavuka pazia.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilingoja wewe usome. Kila siku unaandika bantu banakufa kwa mapenzi, kurasa na kurasa. Mistari mitatu imekushinda.”

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

“Sasa soma.”

Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye maji aliuliza maji gani, nikasema maji tu. Aliuliza kizazi, nikasema ni kizima, hakina mtu.

“Hakina muntu,” alirudia, akakunja kinguo mara mbili, halafu mara ya tatu. “Na upande wa kuume?”

“Hawakuandika ubaya wowote.”

Alitua pasi, akaenda chumbani kwa baba. Nilimfuata.

“Baba, ku mapafu nyeusi ni hewa.”

“Ndiyo.”

“Ku hii mashini mupya, nyeusi ni maji.”

Baba alinitazama mimi. “Karatasi inasema vile?”

“Ndiyo, baba.”

“Na juzi ilisema nini?”

Baba alivuta sanduku, akatoa ile picha, na safari hii hakuipeleka dirishani. Aliishika karibu na macho.

“Na mutoto?”

“Hayuko,” yaya alisema.

Baba aliisugua picha kwa kidole gumba, taratibu, mahali palepale peusi, kama mtu anayefuta kitu. Baadaye aliirudisha ndani ya bahasha, akamkabidhi binti yake.

“Jumatatu ni kesho,” alisema.

Jioni ile yaya aliniamuru ninakili karatasi yote ndani ya daftari langu la hadithi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Asubuhi baba alivaa abakosti, suti yake ya Jumapili isiyo na tai. Alibeba beseni, blanketi na chupa ya chai, maana hospitali haikumpa mgonjwa vitu hivyo. Vinguo saba vilibaki mezani, vimekunjwa.

“Mimi nije?” niliuliza.

“Wewe baki,” yaya alisema. Alikuwa amesimama kizingitini, mkono ubavuni. “Bwana wangu akifika, umusomee. Yote. Usiache mustari.”

Alitoka yeye kwanza. Baba alimfuata na mzigo, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, aliuvuta mlango kwa mguu mpaka ukafungika.